Hivi kwanini Profesa Housman alimpa Manilius miaka 27 wakati mwenyewe alimwona mshairi hafifu?

#1 Mtunza Nyaraka
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi nikaona nililete hapa maana humu kuna waliopita seminari na kuna walimu wa fasihi.

Nazungumzia A. E. Housman, Mwingereza aliyezaliwa 1859, akawa profesa wa Kilatini pale University College London 1892, halafu Cambridge kuanzia 1911 mpaka alipofariki 1936. Wengi wanamjua kwa mashairi yake ya Kiingereza lakini kazi aliyoajiriwa na aliyoiita kazi ilikuwa kusafisha maandishi ya washairi wa Kirumi. Amehariri Juvenal (1905), amehariri Lucan (1926), ila aliyempa nguvu zake zote ni Manilius, mtu wa zama za Augustus na Tiberius aliyetunga utenzi wa nyota na unajimu, vitabu vitano, mistari zaidi ya elfu nne. Jalada la kwanza la Housman lilitoka 1903, la mwisho 1930, na alichapisha kwa pesa zake mwenyewe.

Sasa hapa ndipo naposhindwa. Mshairi mwenzake Robert Bridges alipotaka kumsoma Manilius, Housman akamwandikia kumsihi asipoteze muda wake, kwamba jamaa anaandika falaki na unajimu bila kujua lolote kati ya hayo mawili, na kwamba yeye anavutiwa naye kwa upande wa ufundi tu. Miaka 27! Na Horace yupo, Catullus yupo, Propertius yupo, watu wanaosomeka hadi leo. Kwanini?

#2 Kibatari
Natandika mkeka hapa, walimu waje.

#3 Frateri Mstaafu
Mkuu jibu ni ugumu wenyewe. Chukua mtu anayetunga hesabu za nyuzi za zodiaki kwa mashairi, halafu mpe mtawa wa karne ya kumi na kitu anakili wakati haelewi hata nusu, halafu mwingine anakili makosa ya yule na kuongeza ya kwake. Kinachotufikia ni vurugu. Ndio maana Manilius aliwavuta wahakiki wenye vichwa vikali tu, Scaliger alimhariri 1579, Bentley akaja 1739. Ukiwa mhakiki wa Kilatini na unataka jina lako likae pamoja na hao wawili, unaenda walipopigania wao. Kwa Horace kila mtu alishapita, utabakiza nini?

#4 Chausiku K
Mimi naona chanzo ni aibu. Si alifukuzwa Oxford? Mtu aliyefukuzwa lazima atafute kitu kigumu kuliko vyote awaonyeshe waliomcheka.

#5 Hakiki Kwanza
#4 hakufukuzwa dada. Aliingia St John's College 1877, mtihani wa kati wa 1879 akapata daraja la kwanza, halafu mtihani wa mwisho wa 1881 ndio akaanguka kabisa, baadaye akarudi kumalizia digrii ya kawaida. Sehemu ya mwisho ilikuwa na falsafa na historia ya kale kwa wingi, na yeye hayo aliyaacha akawa amezama kwenye Propertius. Wapo wanaosema pia baba yake aliugua vibaya siku chache kabla ya mtihani. Na wapo wanaosema ni kiburi, kwamba alienda muhadhara mmoja tu wa Jowett, mkubwa wa chuo cha Balliol, akatoka amekasirika kwa jinsi mzee yule alivyokuwa hajali vitu vidogo vidogo vya lugha, hakurudi tena. Chagua mwenyewe.

Baada ya hapo akafanya mtihani wa utumishi wa serikali akapata ukarani kwenye ofisi ya hataza (haki za wavumbuzi) London, 1882 hadi 1892. Mchana anashughulika na hataza, jioni yuko maktaba ya British Museum na Kilatini na Kigiriki chake. Makala zake za wakati huo ndizo zilizompa uprofesa. Na kwenye barua ya kuomba kazi aliandika mwenyewe waziwazi kwamba 1881 alianguka. Hakuficha.

#6 Chausiku K
Sawa lakini bado hoja yangu imesimama. Miaka kumi ya ukarani ukiwa unajua wewe ni bora kuliko walimu waliokuangusha, hiyo inakaa moyoni.

#7 Mpita Ziwa
Wakuu mnazunguka. Fungueni jalada la kwanza la 1903 muone limetabarukiwa kwa nani. Kuna shairi la Kilatini pale mbele, la Housman mwenyewe, kwa Moses Jackson, na anamtaja kama mtu anayeidharau elimu hiyo hiyo! Jackson alisoma naye Oxford, walikaa nyumba moja, na hata ofisi ya hataza walikuwa wote. Jackson alikuwa mtu wa sayansi na mwanamichezo, 1887 akaenda Karachi kuwa mkuu wa chuo. Housman alimpenda na Jackson hakuwa na mapenzi ya aina hiyo kwake. Mdogo wake Housman, Laurence, aliandika habari hizi akaziacha maktaba na sharti zisifunguliwe kwa miaka 25, zikatoka 1967.

Kwa hiyo hapo kuna mtu anafanya kazi ngumu isiyo na wasomaji, anamkabidhi mtu asiyeijali. Mimi naona ni kitu kimoja hicho.

#8 Kibatari
Daah #7 umeniharibia usingizi. Yaan unamwandikia mtu kitabu ambacho unajua hatakisoma.

#9 Bint Amu
Salaam. Mimi swali langu ni la nyuma kidogo, maana naona mwaruka. Huku "kusafisha maandishi" ndiko kufanyani khasa? Mtu amekufa miaka elfu mbili, leo Mwingereza akae aseme hapa mshairi hakusema hivi alisema vile, ruhusa kampa nani? Kwetu mtu akibadilisha neno kwenye utenzi wa wazee tutamuuliza.

#10 Frateri Mstaafu
#9 swali zuri sana dada. Nakupa mfano mmoja maarufu, sio wa Housman ni wa Bentley, maana Housman alimheshimu Bentley kuliko karibu mtu yeyote.

Horace anasimulia mnyama mwembamba alipenya tundu dogo akaingia kwenye kihenge cha nafaka, akala akashiba, kutoka akashindwa kwa sababu ya tumbo. Kicheche akamwambia, ukitaka kutoka rudi uwe mwembamba kama ulivyoingia. Miswada, yaani nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, inasema mnyama huyo ni mbweha. Bentley kwenye toleo lake la 1711 akasema haiwezekani, mbweha hali nafaka na hapenyi ufa wa kihenge, Horace aliandika panya wa shambani. Na neno alilopendekeza, nitedula, linaingia kwenye mizani ile ile bila kutikisa kitu, kama lilivyokuwa vulpecula. Hakuwa na mswada wowote wenye neno hilo. Alitumia akili tu.

#11 Kibatari
Bentley yuko sahihi kabisa. Mimi nimekulia Kongwa, vihenge vipo, panya wapo tele, mbweha anazunguka banda la kuku hana habari na mtama wako. Bibi yangu angemwambia Horace hivyo hivyo.

#12 Mpita Ziwa
Kibatari hiyo ni hadithi ya wanyama bana, kicheche anatoa ushauri hapo na hujashangaa, unashangaa mbweha kula nafaka?

#13 Hakiki Kwanza
Na kuna jambo Frateri hajaligusa. Hadithi hii ipo kwa Kigiriki pia, kwa Babrius, na mle mnyama ni mbweha kweli, ila anaingia kwenye shimo la mti na kula chakula walichoacha wachungaji. Kwa hiyo wanaomtetea mbweha wanasema Horace aliichukua hadithi ya mbweha akaihamishia ghalani bila kujali mbweha anakula nini. Wanaomtetea panya wanasema mnakili ndiye aliyekuwa na mbweha kichwani kwa sababu hadithi zimejaa mbweha, akakutana na neno lisilo la kawaida akaandika analolijua. Tangu 1711 mpaka leo haijaisha hiyo.

#14 Bint Amu
Nimeelewa, ahsanteni. Lakini basi mwaona wenyewe ilivyo hatari. Akili ya mhariri yaweza kuwa kali kuliko ya mshairi, akamsahihisha mshairi mwenyewe badala ya mnakili.

#15 Frateri Mstaafu
Hilo hilo Housman alilisema. Mwaka 1921 alitoa muhadhara Cambridge kuhusu kutumia akili katika uhakiki wa miswada, na aliwapiga pande zote mbili. Wanaobadilisha ovyo aliwapiga. Lakini waliomkera zaidi ni wale wanaochagua mswada mmoja "bora" halafu wanaufuata hata unapoandika upuuzi, ili wasifikiri. Alisema mhakiki hafanani na Newton anayechunguza mwendo wa sayari, anafanana na mbwa anayetafuta viroboto. Mbwa akitafuta kwa kanuni za hesabu na takwimu hatakamata kiroboto hata mmoja isipokuwa kwa bahati, kila kiroboto anamtaka kivyake. Yaani kila kosa kwenye mswada lina historia yake, hakuna dawa moja.

Na akamalizia kwamba elimu ni nzuri, mbinu ni nzuri, lakini la kwanza uwe na kichwa mabegani sio boga.

#16 Mwalimu wa Kidato cha Tano
Hiyo ya boga nitaitumia Jumatatu darasani.

Niongeze kwa Bint Amu. Kitu kinachomlinda mhariri asizurure ni mizani. Ubeti wa utenzi wetu una mistari minne na kila mstari mizani nane, ukikuta saba unajua kuna kitu kimeanguka njiani. Kilatini nacho hivyo ila wao hawahesabu silabi, wanapima urefu. Mstari wa heksameta una miguu sita, kila mguu ama silabi ndefu moja na fupi mbili, ama ndefu mbili, ila wa mwisho huwa na silabi mbili tu, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwa na silabi 13 na mwingine 17 na yote ikawa sawa. Anayejua urefu wa kila silabi kama Housman alivyojua anasikia kosa kabla hajajua maana. Kwa hiyo zile "vitu vidogo vidogo" za Hakiki Kwanza kule #5 sio vidogo kabisa, ukikosea urefu wa silabi moja umepoteza ushahidi.

#17 Bint Amu
Mwalimu umenigusa. Maana sisi twayajua haya kuliko wanavyodhani watu. Tendi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na uandishi ule wa kale mara nyingi hautenganishi e na i, wala o na u, na baadhi ya konsonanti za Kiswahili hazina herufi yake. Mswada mmoja, wasomaji wawili wanajua Kiswahili vizuri, maneno mawili mbalimbali. Utendi wa Tambuka mswada wake una tarehe ya 1728 na hadi leo kuna beti za kubishania. Na Muyaka? Amefariki 1840, mashairi yake yakabaki vichwani mwa watu na kwenye vikaratasi, mpaka Taylor na Mwalimu Sikujua wakayakusanya Mombasa mwishoni mwa karne ile, Hichens akayatoa 1940. Yamepita mikono mingapi hapo katikati? Nani amekaa miaka 27 na Muyaka, mstari kwa mstari, akaandika chini ya kila neno kwanini amechagua hili na si lile? Kazi nzuri zimefanywa, Profesa Abdulaziz kafanya kubwa 1979, wala sizidharau. Lakini kazi yenyewe bado ni kubwa.

Kwa hiyo sasa mimi simuulizi tena Housman kwanini Manilius. Namuonea wivu.

#18 Mtunza Nyaraka
#17 hapo umenena. Pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J. W. T. Allen na wenzake, na kuipitia yote kwa namna hiyo ni kazi ya vizazi.

#19 Chausiku K
Haya turudi kwa mzee. Mwalimu wa aina hii darasani alikuwaje? Maana mimi nimefundishwa na watu wajuzi sana ambao hatukuambulia kitu.

#20 Hakiki Kwanza
Alikuwa mkali. Kule London inasimuliwa wanafunzi wa kike waliwahi kutoka darasani wanalia, na kesho yake profesa hakumbuki hata sura zao. Hadithi yenyewe inasema walipomlaumu kwamba hajui hata majina yao, alijibu angejaza kichwa majina yao angesahau tofauti ya makundi mawili ya nomino za Kilatini. Wasomi wenzake ndio usiseme, kwenye dibaji za vitabu anawachana hadharani, na daftari zake zimekutwa na matusi ya kisomi yametungwa tayari, jina limeachwa wazi, litajazwa atakapotokea anayestahili.

#21 Kibatari
Matusi ya akiba!! Huyu angetawala jukwaa hili.

#22 Frateri Mstaafu
Msiishie kwenye ukali. Kuna asubuhi moja Mei 1914 Cambridge. Alikuwa anafundisha Horace, kitabu cha nne, wimbo wa saba, ule unaoanza na theluji kuyeyuka na majani kurudi, halafu Horace anasema majira yanarudi lakini sisi tukishashuka walikoshuka waliotangulia ni vumbi na kivuli. Akauchambua kama kawaida yake, miswada, sarufi, mizani, bila kuonyesha hisia yoyote. Halafu, na aliyesimulia ni mwanafunzi wa kike aliyekuwemo, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliyomsikiliza, profesa akainua macho akasema dakika zilizobaki angependa kuutazama huu kama ushairi tu. Akausoma kwa Kilatini, taratibu, akausoma tena kwa tafsiri yake ya Kiingereza. Akasema kwamba kwake hilo ndilo shairi zuri kuliko yote ya fasihi ya kale, akatoka haraka kama mtu aliyesema siri. Kijana mmoja alisema aliogopa mzee angelia.

Mimi nikilisoma hilo huwa siwezi kuendelea na kitu kingine kwa muda.

#23 Mwalimu wa Kidato cha Tano
Frateri, na hili ndilo linanipa taabu kama mwalimu. Maana mwaka 1911 alipoingia Cambridge, kwenye muhadhara wa ufunguzi alisema kazi ya msomi wa Kilatini sio kuhukumu uzuri wa fasihi, hiyo ni karama nyingine ya watu wachache sana na yeye hana. Mwaka 1925 wakamwalika atoe mihadhara ya fasihi, akakataa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa miaka miwili wanafunzi wanapata sarufi na miswada, halafu dakika tano za ushairi. Je ilikuwa sahihi kuwanyima? Au dakika tano zile zilikuwa na uzito kwa sababu ya ile miaka miwili?

Mimi nafundisha ushairi kwa mtihani. Vina, mizani, kibwagizo, bahari, dhamira, tamathali, wanafunzi wanajaza. Wanafaulu. Juzi nimewasomea shairi zima kwa sauti bila kuuliza swali lolote, mmoja akaniuliza mwalimu hili linatoka kwenye mtihani?

#24 Frateri Mstaafu
Mwalimu, sisi seminari tulikuwa na padri mmoja wa Kilatini, mzee, sitamtaja wala mahali. Mwaka wa kwanza na wa pili ni minyambuliko tu, unasimama unataja, ukikosea unakaa unasikiliza wenzako. Tulimchukia. Mwaka wa tatu akatufungulia Virgil, kitabu cha pili, Troya inaungua, akaanza kusoma bila kutafsiri na tukakuta tunaelewa. Hakuna aliyetuambia ni kizuri. Hivyo mimi nasimama na Housman, uzuri hauelezwi, unaandaliwa njia.

#25 Chausiku K
Sikubaliani. Wewe umesema mwaka wa tatu, lakini wangapi waliacha mwaka wa kwanza? Hao hatuwasikii humu kwa sababu hawakubaki kusimulia. Na wale mabinti wa London waliolia hawakuwepo Cambridge 1914.

#26 Songea Kwetu
Wakuu nimechelewa. Jirani zetu Malawi mnajua Rais Banda alijenga Kamuzu Academy 1981 na akataka Kilatini na Kigiriki vifundishwe pale? Alisema mtu asiyejua hivyo hajasoma.

#27 Mpita Ziwa
Songea hiyo inahitaji uzi wake, fungua tuje.

Nawapa ya kuchekesha kidogo. Cambridge, Housman alikaa chuo cha Trinity ngazi moja na Wittgenstein mwanafalsafa. Inasimuliwa siku moja Wittgenstein tumbo limemshika akabisha kwa Housman kuomba msalani, akanyimwa, na sababu aliyopewa ilikuwa ya kifalsafa.

#28 Kibatari
Amelipiza mtihani wa falsafa wa 1881 hahahaha.

#29 Mtunza Nyaraka
Nawashukuru wote. Nimezisoma zote na bado sijatulia, maana kila jibu linavuja mahali. Hili la Frateri la kutafuta ugumu na jina, mbona mtu huyo huyo alikataa nishani ya Order of Merit 1929 na digrii za heshima alizokuwa akipewa? La Chausiku la aibu, uprofesa alishaupata 1892, miaka kumi na moja kabla ya jalada la kwanza. Na mimi naongeza la nne, Propertius. Huyo ndiye aliyempenda ujanani, mwaka 1885 akapeleka pendekezo la kumhariri kwa wachapishaji Macmillan wakakataa. Halafu 1893 mpaka 95 akabishana vikali na msomi mwenzake Postgate juu ya miswada ya Propertius. Mtu aliyezuiwa mlango wa kwanza anaenda kujenga kwenye kiwanja ambacho hakuna mtu.

#30 Frateri Mstaafu
Kukataa nishani sio kukataa jina mkuu. Nishani unapewa na walio hai. Jina alilolitaka yeye ni la kutajwa na wahakiki wa miaka mia tatu ijayo kando ya Bentley, na hao hawagawi nishani.

#31 Hakiki Kwanza
Na la Mpita Ziwa nalo lina shida. Jackson alifariki Vancouver Januari 1923. Majalada manne yalikuwa yameshatoka, 1903, 1912, 1916, 1920. La tano limetoka 1930, miaka saba baada ya mazishi. Alikuwa anamfanyia nani? Tena alipojua Jackson anaumwa, kitu alichokiharakisha kitoke 1922 kimfikie rafiki yake akiwa hai ni mashairi yake ya Kiingereza, sio Manilius. Mimi hapo naona alitenganisha: mashairi ni ya Jackson, Manilius ni ya kazi.

#32 Mpita Ziwa
Hakiki, tabaruku ya Kilatini iko kwenye Manilius. Shairi refu kuliko mengi, mtu anayeona haya kusema hata kwa lugha yake amelisema kwa lugha ambayo wasomaji wake wote wanaielewa isipokuwa asiyejali. Na la 1930, mtu amefika kitabu cha nne kati ya vitano, ulitaka aache?

#33 Bint Amu
Nami nauliza tu, kuna mwenye lile shairi la kumtabaruku Jackson lote na anayeweza kulifasiri kwa Kiswahili chenye mizani? Frateri, wewe Kilatini unacho. Mimi nitakaa kwenye mizani.

#34 Frateri Mstaafu
Nipe mpaka mwisho wa wiki. Na nitaanza kwa kuhakikisha maandishi yenyewe, nakala mbili nilizonazo zinapishana kwenye alama za vituo.